Choma Pini, Uendelee

Mimi ni mtu wa saa. Nalisema mapema, ili nikifika kwenye aibu zangu usije ukashangaa. Kazi yangu ni kugawa namba kwa wagonjwa kwenye dirisha la mapokezi ya hospitali, na kwa miaka kumi na saba dirisha hilo halijawahi kuchelewa kufunguliwa hata dakika mbili. Saa moja na nusu ni saa moja na nusu. Wagonjwa wananiita Mama Namba. Wanayo na majina mengine ya kuniita, lakini hayo huyasemea mbali na dirisha.

Basi mtu wa saa akajaliwa mtoto asiyejua saa ni mdudu gani. Binti yangu wa pekee alikuwa na miaka kumi na mitatu wakati wa mambo haya. Si mjinga hata kidogo. Ukimsimulia jambo mara moja, amelishika. Angeweza kukueleza jinsi moyo unavyosukuma damu mpaka ukajikuta umejishika kifua. Lakini mpe karatasi yenye maswali kumi, mwambie ana saa moja na nusu, uone. Atakaa kwenye swali la kwanza, aandike, afute, aandike tena kwa mwandiko mzuri zaidi, kengele ilie na maswali tisa hayajaguswa. Kusoma nako kulimtesa. Alisema mistari inamponyoka machoni, mpaka aishikilie kwa kidole kama mtu anayekamata sisimizi.

Kazi za nyumbani zilikuwa vita. Daftari la sayansi limebaki shuleni, la hesabu liko chini ya kitanda, la jiografia hakuna aliyeliona tangu mwezi uliopita. Nikimuuliza atamaliza lini, jibu lilikuwa moja: "Kesho, mama." Wenzake darasani wakaligeuza kuwa jina lake. Kesho njoo, Kesho nenda. Naye aliitika, maana ni mtoto asiye na kinyongo, kitu ambacho hakukirithi kwangu.

Dawa yangu ilikuwa sauti. Nilisimama mlangoni kwake na saa mkononi kama refa. "Haraka! Dakika kumi zimekwisha! Haraka, mtoto wewe!" Kadiri nilivyopaza sauti ndivyo alivyozidi kuganda. Baba yake ni dereva wa malori ya masafa marefu, yuko nyumbani siku mbili kwa mwezi, na siku zote mbili alikuwa upande wa mtoto. Kwa hiyo vita nilipigana peke yangu, na nilikuwa nashindwa kila siku.

Mwanzoni mwa muhula wa mwisho mwalimu mkuu aliniita. Binti yangu alikuwa amesharudia darasa mara moja.

"Mama, shule hii hairuhusu mtu kurudia mara ya pili," alisema. "Asipofaulu mtihani wa mwisho wa mwaka, hana nafasi hapa." Akasukuma fomu juu ya meza. "Lakini ukimwondoa wewe mwenyewe sasa, haitaandikwa popote kwamba ameshindwa. Atafute ufundi. Si kila mtoto ni wa darasani."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza. Angenifokea ningemfokea. Niliikunja fomu, nikaitia kwenye mkoba, nikaondoka bila kuaga. Miguu ikanipeleka kwa mdogo wangu.

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Ana chumba kimoja nyuma ya soko, mlango wa bluu uliobabuka, meza ndefu ya kukatia, pasi, cherehani mbili: moja ya umeme na moja ya kukanyaga kwa mguu anayoipenda zaidi. Sasa, duniani kuna mafundi wa aina mbili: wale wanaokuambia "njoo kesho kutwa, imebaki vifungo tu," na mdogo wangu. Akikuambia Alhamisi saa kumi, njoo Alhamisi saa kumi, utaikuta nguo yako imening'inia, imepigwa pasi. Watu wanatoka mitaa ya mbali kuja kuona muujiza huo. Shule aliishia darasa la tano. Nyumbani tulizoea kusema kichwa chake hakishiki.

Nilimkuta amebana pini midomoni, kama kawaida yake. Nikaiweka fomu juu ya meza ya kukatia, katikati ya vipande vya gauni la mtu, nikatoa kalamu.

"Naisaini hapa hapa," nikasema. "Nimechoka. Utamchukua umfundishe kushona."

Alitoa pini midomoni, moja baada ya nyingine, akazichoma kwenye mto wake mdogo. Akifanya hivyo polepole ujue amekasirika.

"Usisaini."

"Nisisaini nifanye nini? Kila kitu nimejaribu."

"Umejaribu kelele, dada. Nipe huyo mtoto mpaka siku ya mtihani. Akitoka shule aje hapa na madaftari yake yote. Na wewe usije na hiyo saa yako."

"Utamfundisha nini wewe? Wewe mwenyewe..." Nikauma maneno.

"Mimi mwenyewe nini?"

"Hamna."

Nikafunika kalamu. Sikumwamini, niseme ukweli. Nilikubali kwa sababu kukata tamaa nako kunahitaji nguvu, na siku hiyo sikuwa nazo.

Wiki ya kwanza nilijizuia. Ya pili nikashindwa, nikapita pale kwa kisingizio cha zipu iliyoharibika. Niliyoyakuta ndiyo yaliyoanza kunifungua macho.

Lazima ujue kwanza mdogo wangu anavyofanya kazi. Kwake hakuna kitu kinachoitwa suti wala gauni. Kuna vipande. Kola, mikono, mifuko, kiuno, pindo. Vipande vya kila mteja vimefungwa kwa utepe wa kitambaa hicho hicho, vimetundikwa kwenye misumari ukutani kwa mpangilio wa siku za kuchukuliwa. Tena hashoni nguo moja mpaka mwisho. Anashona kola tatu za watu watatu, anaacha, anageukia mikono. Pale anapoachia anachoma pini yenye kichwa chekundu, ili akirudi asipoteze muda kujiuliza alikuwa wapi. "Kazi isiyo na pini," anasema, "ndiyo inayopotea."

Sasa ukutani palikuwa na misumari mitano mipya, mmoja kwa kila siku ya shule, na kwenye misumari hiyo kulikuwa na kazi za binti yangu. Mdogo wangu amezikata. Insha ya ukurasa mmoja ilikuwa vipande vinne vya karatasi: kufikiria, kuanza, katikati, kumaliza. Hesabu kumi zilikuwa mafungu matano ya mbili mbili. Madaftari yote yalikuwa kwenye kapu moja chini ya meza, na hakuna aliyeruhusiwa kuliondoa kapu hilo. Binti yangu alikuwa ameketi pembeni ya meza, ameshika kipande cha kile kitambaa kigumu kinachotiwa ndani ya kola. Mama yake mdogo alikuwa amekitoboa dirisha jembamba, na mtoto alikuwa akikiteremsha juu ya kitabu, mstari mmoja mmoja. Mistari haikumponyoka tena.

"Swali hilo kola ngapi?" fundi aliuliza bila kugeuka.

"Mbili, mamdogo."

Cherehani ikalia, maana muda wa kushona kola mbili ndio uliokuwa muda wa swali. Kola ya kwanza ikaisha, ikawekwa pembeni. Ya pili ikaisha.

"Weka chini."

"Bado kidogo tu, mamdogo, nirekebishe hii..."

"Choma pini, uendelee. Utarudi."

Na mtoto wangu, yule ambaye mimi nilishindwa kumbandua kwenye swali la kwanza kwa miaka sita, akachomeka pini pembeni mwa daftari, akafungua ukurasa, akaanza kazi nyingine. Hakulia wala hakuganda. Nilisahau kuitoa zipu kwenye mkoba.

Baada ya wiki tatu mwalimu wa darasa, kijana mmoja mwembamba mwenye miwani, aliandika kwenye daftari la binti yangu: *Amemaliza. Yote.* Nililisoma neno hilo dirishani kwangu, foleni ikiwa imefika mlangoni, na mzee mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Halafu ukaja mtihani wa majaribio.

Nilimngoja nyumbani nimejaa matumaini. Aliingia, akavua viatu, akakaa sakafuni. Hesabu alikuwa amejibu swali moja na nusu. Lugha, aya ya kwanza ya insha, basi. Ilikuwa mbaya kuliko mwaka mzima uliopita.

"Kulikuwa nini?" nikauliza.

"Kulikuwa kimya, mama," alisema. "Sikujua ni kola ya ngapi."

Nilipandwa na mori. Nilitembea mpaka kule nyuma ya soko bila kuiona njia, nikausukuma mlango wa bluu. Ndani alikuwepo mwalimu wa kwaya, baba mmoja mnene mwenye heshima zake, anajaribishwa koti. Amenyoosha mikono kama ndege anayetaka kuruka, pini zimemzunguka kila upande, hawezi kukaa wala kukimbia. Maskini, ilibidi asikilize yote.

"Umemfundisha mwanangu kusoma kwa mlio wa cherehani!" nikafoka. "Mtihani utafanyikia humu? Watamwekea cherehani darasani? Nilijua! Ndiyo maana wewe ulitolewa shule!"

Yule mwalimu wa kwaya akatazama dari.

Neno likitoka halirudi. Na lile lilikuwa na mzizi anaoujua mtu mmoja tu, au hivyo ndivyo nilivyoamini. Baba yetu hakumtoa mdogo wangu shule kwa shauri lake mwenyewe. Aliniuliza mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nashika nafasi ya kwanza darasani, na neno langu nyumbani lilikuwa na uzito. Akaniuliza: "Huyu mwenzako ataweza kweli?" Nami, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kumfanyia hesabu zake kila siku, nikajibu: "Baba, unajisumbua bure. Hawezi huyo." Wiki iliyofuata mdogo wangu hakuvaa sare. Sikuwahi kumwambia binadamu yeyote.

"Shusha mikono, mwalimu," mdogo wangu akamwambia mteja wake, taratibu. Kisha akanigeukia. Nilingoja matusi, na yalikuwa haki yangu.

"Kosa ni langu," akasema. "Nimemkatia mtoto nguo kwa vipimo vyangu. Mimi ndiye ninayeishi kwa mlio wa cherehani, si yeye. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza hafanyi kosa hilo." Akavuta futi yake shingoni, akaizungusha kidoleni. "Hatujampima. Tulianza kukata kabla ya kupima. Mlete kesho, tumpime."

Nimefanya kazi na madaktari, nimefanya kazi na wakubwa wa madaktari. Sijaona mtu aliyetukanwa mbele ya mteja akatumia pumzi yake ya kwanza kutafuta kosa lake. Nilirudi nyumbani nimenywea.

Kumpima kulichukua siku kumi. Mdogo wangu alitundika saa kubwa ya ukutani mbele ya meza, akazima cherehani zote mbili wakati mtoto akisoma, naye akashona pindo kwa mkono. Kabla ya kila kazi alimuuliza: "Unadhani itakuchukua dakika ngapi?" Binti yangu alisema tano. Wakaandika tano kwenye ile karatasi ya kaki ya kuchorea mitindo. Akimaliza, wanatazama saa, wanaandika pembeni muda wa kweli. Ishirini na mbili. Mtoto alicheka mpaka akainama. Hakuwa anadanganya miaka yote ile aliponiambia "bado kidogo tu". Ndani ya kichwa chake kweli zilikuwa tano.

Polepole zile namba mbili zikaanza kukaribiana. Kufikia siku ya kumi alikuwa na vipimo vyake, na alivijua kama mtu anavyojua namba ya kiatu chake: hesabu fupi dakika nane, ndefu kumi na sita, nusu ukurasa wa kusoma dakika sita, insha nusu saa. Alivisema kwa fahari. Kwa mara ya kwanza alikuwa akisema habari za muda bila kunitazama usoni.

Wakachukua karatasi ya mtihani ya mwaka uliopita, wakajumlisha. Mtihani ulikuwa wa dakika tisini. Vipimo vyake vilihitaji mia moja na thelathini.

Mdogo wangu akaniita. "Kitambaa hakitoshi, dada."

"Basi aongeze mwendo."

"Vipimo havidanganyi. Mteja akija mnene na kitambaa kidogo, hatumlaumu mteja. Tunaomba kitambaa zaidi." Akanitazama. "Mimi nimemaliza sehemu yangu. Kuomba ni kwako. Wewe ndiye unayejua kusema na watu wa ofisini."

Na hapo akawa amenigusa penye kidonda. Miaka miwili nyuma mwalimu wake wa wakati huo aliniambia nimpeleke mtoto kwa daktari anayeangalia watoto wenye shida za kujifunza. Daktari huyo yuko hospitali yetu, korido ya pili kutoka dirishani kwangu, mlango wa nne. Nampa namba zake kila asubuhi kwa mkono wangu. Sikwenda. Niliogopa wenzangu wangesema Mama Namba ana mtoto mgonjwa wa kichwa. Mficha uchi hazai, na mimi niliuficha mpaka mtoto akabakiza wiki tano za shule.

Siku iliyofuata nilijikatia namba kutoka dirisha langu mwenyewe. Ishirini na sita. Nikakaa kwenye benchi na binti yangu kama watu wengine, nikagundua kwamba lile benchi ni gumu sana. Daktari alikaa naye saa mbili, akampa mafumbo, akamsomesha, akamhesabisha, akalinganisha na vipimo vya ile karatasi ya kaki tuliyokwenda nayo. Akaandika barua: akili ya mtoto ni timamu na pana, kusoma kwake ni kwa shida, na hisia yake ya muda ni dhaifu, anahitaji dakika arobaini za nyongeza na saa anayoweza kuiona. Akanikabidhi, akaniuliza: "Nani amempimia muda wake kwa usahihi hivi? Ni mwalimu gani?"

"Ni fundi nguo," nikasema. Sijawahi kutaja kazi ya mtu kwa majivuno kama siku ile.

Mwalimu mkuu aliisoma barua mara mbili, akakuna kidevu. "Tukimpa huyu dakika arobaini, wote watataka."

"Mwalimu," nikasema, "pale kwangu mwenye mguu mmoja tunampa kiti. Miaka kumi na saba, sijaona mwenye miguu miwili akakidai." Yule kijana wa miwani, mwalimu wa darasa, alikohoa kuficha kicheko, kisha akasema atakaa yeye mwenyewe kusimamia hizo dakika za nyongeza, na mwalimu mkuu akakubali. Nikajua safari hii hasira zangu zimepata kazi ya maana.

Siku ya mtihani dirisha langu lilifunguliwa na mtu mwingine. Tulisimama mimi na mdogo wangu nje ya uzio wa shule, yeye ana pindo la mtu mkononi analishona akiwa wima. Kengele ya dakika tisini ikalia. Watoto wakamwagika nje. Binti yangu hakuwamo. Kwenye dirisha la darasa nilikiona kichwa chake kimeinama, kinainuka kuitazama saa, kinainama. Kinainuka, kinainama. Nilihesabu mara ngapi, nikapoteza hesabu, nikaanza upya.

Alipotoka hatimaye, mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kuuliza kama amemaliza. Mdogo wangu akanikanyaga mguu.

"Nilikata kwanza," mtoto akatuambia. "Dakika tano. Nikachora vyumba vya maswali yote, kila chumba na saa yake. Pini nimechoma mbili, kwa penseli. Moja nimerudi nikaimaliza. Nyingine nimeiacha."

"Umeiacha?" nikashtuka.

"Ilikuwa ya alama tatu, mama. Haikustahili dakika kumi na sita."

Mtoto niliyemzaa mimi, aliyekuwa hawezi kuacha kitu, alikuwa ameacha alama tatu kwa hiari yake, amezipima na kuziona hazilingani na muda wake. Nikamkumbatia mpaka akalalamika. Zilibaki siku nne za mitihani, na zote alizikata hivyo hivyo.

Matokeo yalibandikwa ubaoni siku ya kufunga shule. Wastani wa hamsini na nane. Wapo wazazi ambao hamsini na nane ingewaliza kwa uchungu. Mimi nililia kwa jambo lingine. Chini ya jina lake palikuwa pameandikwa: *Amepanda darasa.* Atabaki shuleni. Binti yangu aliusoma mstari ule kwa kidole chake, neno kwa neno, kisha akakimbia kuelekea nyuma ya soko hata bila kunisubiri. Mtoto asiyejua haraka, akikimbia! Sikuona wivu, au niliuona kidogo tu.

Mwalimu wa darasa alinifuata. Alisema katika shule ile kuna watoto wengine kumi na mmoja wa namna hiyo, na muhula ujao anaomba fundi aje kila Jumamosi asubuhi, kwa muda wa saa mbili tu, awaonyeshe. Ilinichukua likizo nzima kumbembeleza mdogo wangu. Mara ana nguo nyingi, mara mguu unamuuma, mara sijui nini. Mwisho akakubali kwa shingo upande.

Jumamosi ya kwanza nilimsindikiza. Alivaa gauni aliloshona mwenyewe, kijivu, kola nyeupe. Amebeba karatasi ya kaki na boksi la pini. Tukafika mlangoni mwa darasa, tukasikia watoto ndani wakisukumana, naye akasimama. Mkono wake uligoma kushika kitasa.

"Siingii," akasema.

"Wanakungoja."

"Dada, mimi niliacha shule darasa la tano. Nikisimama mbele ya ubao nitawaambia nini? Walimu watanicheka."

Nilimtazama yule mwanamke aliyeokoa mtoto wangu, anatetemeka mbele ya mlango wa darasa akiwa na miaka arobaini na miwili, nikajua nani kamtetemesha. Sikuweza tena kunyamaza.

"Hukuacha," nikasema. "Mimi ndiye niliyekutoa. Baba aliniuliza kama utaweza. Nikamwambia huwezi. Nisamehe. Ulikuwa unaweza. Hakuna aliyekupima, basi."

Akarekebisha kola yangu ambayo haikuwa na tatizo lolote.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilikuwa nakuletea daftari unisaidie hesabu."

Miaka thelathini na mmoja. Amenishonea nguo ya harusi. Amenilelea mtoto nikiwa kazini. Miaka yote hiyo amekula na mimi sahani moja akijua.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Na wewe ulikuwa mtoto." Akatoa uzi uliokuwa umenasa begani kwangu, akautupa. "Lakini siku ile ulipoweka fomu mezani kwangu ukatoa kalamu, nilisikia sauti ile ile, dada. Ile ile kabisa. Nikajisemea, safari hii siko nyuma ya mlango."

Akasukuma mlango, akaingia. Nilimsikia akiwasalimia, na sauti yake ilitetemeka mara moja tu. Akawaambia waweke kalamu chini, leo hawaandiki kitu. Kila mmoja aseme anadhani inamchukua muda gani kuvua na kuvaa viatu, kisha watapima. Watoto wakacheka, viti vikaburuzwa, viatu vikaanza kuanguka sakafuni. Mimi nilibaki kwenye korido nikilia bila haya, na sikutazama saa.